Ulimi uliofungwa kwa mtoto mchanga: ni nini, na lini ukatwe

Chini ya ulimi wa kila mtu kuna ugozi mwembamba unaouunganisha na sakafu ya kinywa. Kwa watoto wengine ugozi huo ni mfupi au mnene, au umejishika karibu kabisa na ncha, hata ulimi hauinuki wala hauvuki ufizi wa chini. Mtoto akilia, ncha hujikunja katikati. Huo ndio ulimi uliofungwa. Mtoto huzaliwa nao: mama hakula kitu kibaya wala hakuna aliyemroga. Huonekana zaidi kwa wavulana, na mara nyingi kuna mwingine katika ukoo aliyezaliwa hivyo.

Mtoto hanyonyi kwa midomo tu. Ulimi hutangulia juu ya ufizi wa chini, hulishika ziwa kwa chini, kisha sehemu ya nyuma hushuka na kuvuta maziwa. Ulimi usipofika, ufizi hubaki wazi na mtoto huitafuna chuchu. Ndiyo maana mama hupasuka vidonda, na chuchu hutoka kinywani imebonyea upande mmoja kama rangi ya mdomo iliyofunguliwa leo. Utasikia mlio wa "ta, ta" kila mtoto anapoteleza. Hunyonya saa nzima, huchoka, husinzia, na baada ya muda mfupi hulia njaa tena. Maziwa yasiyotoka hufanya ziwa livimbe na liweze kupata uambukizo. Baadaye yanapungua, kwa kuwa ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa.

Hata hivyo, watoto wengi wenye ugozi mfupi hunyonya bila shida yoyote, na hao waachwe. Usikubali mtoto akatwe kwa sababu tu mtu amechungulia kinywani. Kinachoamua ni kunyonya na uzito. Kupungua kidogo siku za kwanza ni kawaida, lakini si zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa. Kufikia wiki 2 awe ameurudia, kisha aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Kuanzia siku ya 5 akojoe mara 6 au zaidi kwa saa 24, na choo kiwe cha njano. Siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, iwe Kadutu, Bagira au Ibanda mjini Bukavu, mama amwombe muuguzi akae amtazame akinyonyesha mwanzo hadi mwisho.

Mkao urekebishwe kwanza. Tumbo la mtoto liguse la mama. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Elekeza chuchu puani pake, ngoja afungue kinywa wazi kabisa, ndipo umlete yeye kwenye ziwa, kidevu kikitangulia. Duara jeusi lionekane zaidi juu ya mdomo wa juu kuliko chini. Kunyonyesha umeegemea nyuma, mtoto akilala kifudifudi juu yako, husaidia sana. Asipoweza bado, kamua kwa mkono umpe kwa kikombe kidogo safi, mara 8 hadi 12 kwa siku. Maji ya sukari hapana.

Maumivu na uzito visipobadilika, muganga wa hospitali aweza kukata. Kabla ya hapo aulize kama mtoto alichomwa vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na kama ukoo una ugonjwa wa damu isiyoganda. Mtoto huviringishwa kitambaa, ulimi huinuliwa, na ugozi hukatwa kwa mkasi safi wa hospitali wenye ncha butu. Ni sekunde chache. Matone ya damu hubanwa kwa pamba ya kidonda, na mtoto hupewa ziwa papo hapo. Weupe utakaoonekana hapo siku zinazofuata si usaha. Tafiti 5 zilizochambuliwa pamoja mwaka 2017 zilionyesha kuwa maumivu ya mama hupungua. Kwamba mtoto hunyonya vizuri zaidi, hazikukubaliana.

Nyumbani ugozi usikatwe kamwe, kwa wembe wala kwa ukucha. Hapo chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na vijitundu vya mate, na chombo kichafu huleta pepopunda. Wala usichanganywe na kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho wengine hukikata mtoto akikohoa au akitapika. Kilimi hakizuii kunyonya, na kukikata kumeua watoto kwa kutokwa damu.