Je, wajua kwa nini anayewajali wote husema "mimi sina neno"?

Msibani utamwona. Ndiye anayejua chai imebaki kiasi gani kwenye chupa, nani hajapata sahani, bibi yupi hawezi kukaa chini mkekani. Ukimuuliza, "Dada, na wewe umekula?" anajibu haraka, "Mimi sina neno, nimeshiba." Hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Na marehemu ni mama yake.

Mtu anayeona shida za wenzake kabla hawajasema, mbona yake inamshinda kutaja?

Jibu mojawapo linaanzia kwa watoto wachanga, na sehemu ya kisa chake ni ya huku kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazitembelea familia za vijiji vya karibu na Kampala kuangalia jinsi mtoto anavyomganda mama yake. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, aliunda jaribio: mtoto wa mwaka mmoja hivi anacheza chumbani, mama anatoka kidogo, kisha anarudi. Watoto wengi hulia, na mama akirudi humkimbilia. Lakini wapo ambao hata hawageuki. Wanaendelea na vichezeo vyao kana kwamba hakuna aliyeingia. Ungesema watulivu hao. Mwaka 1977 watafiti waliwapima watoto wa namna hiyo mapigo ya moyo, wakayakuta yanakwenda mbio. Kumbe waliumia kama wenzao, ila kilio walishakimeza. Nyumbani, wengi wao walizoea kusukumwa kando walipotaka kubebwa.

Mtoto akikua kidogo hugundua njia nyingine. Akitaka kubembelezwa anakaripiwa. Akibembeleza wenzake anasifiwa. Mama mgonjwa, wadogo wanne, na yeye wa miaka tisa ndiye anayesonga ugali. "Huyu kakomaa, hasumbui," wageni wanasema, naye anaishika sifa hiyo kwa mikono miwili kwa kuwa ndiyo pekee aliyopewa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Yeye maisha yalimfundisha kinyume: akijifunua ndipo anapokosa.

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliwaandika watu wa namna hii: kila uhusiano wao, wao ndio watoaji, hawapokei. Na akaongeza jambo ambalo mimi hunigusa kila nikilikumbuka, kwamba huduma wanayowamwagia wengine ndiyo hasa wanayoitamani wenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua dada yule anahitaji nini, tazama anachowapa watu: chakula kabla hakijaombwa, kiti, mtu wa kukaa karibu.

Ndiyo maana kumuuliza hakufai sana. Swali hilo analijibu tangu utotoni, na jibu lake halibadiliki. Ichukue ile chupa ya chai mikononi mwake, mwekee sahani, kaa naye. Mara ya kwanza atainuka. Mwekee tena.