Huna mkataba wa karatasi? Bado una haki

Huku Kigoma kwenye viwanda vya mawese na sabuni utasikia "sisi vibarua hatuna mkataba kwahiyo hatuna haki", jamani sio kweli kabisa! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndo akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kesi ikifika mbele akashindwa kuyaonyesha basi mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye, sio wewe. Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, ya ziada unalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa la kawaida.

Jirani yangu alikuwa anaandika kila siku kwenye kidaftari kilicholowa mafuta, kaingia saa ngapi katoka saa ngapi, fanyeni hivyo. Ukiachishwa bila haki, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi) ndani ya siku 30.