RX-7 ya zamani hapa Mtwara: poza kwanza, turbo baadaye

Wadau, maswali ya injini ya rota, ile isiyo na pistoni, yamezidi tangu ile FC nyeupe ianze kuonekana imepaki gereji, kila anayepita anataka boneti ifunguliwe aone pistoni ziko wapi, kwaiyo leo naandika yote sehemu moja na atakayeuliza tena namtumia hii. FC ni Mazda RX-7 ya kizazi cha pili, zilianza 1985, na hii niliyonayo ni ya 1989, ina turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi), injini ya 13B, imetoka Japani na farasi 205. Mwenyewe ni kijana wa biashara ya korosho, kaja na maneno machache tu: "Fundi, nataka farasi mia nne, na silensa ipige ile brap brap ya kwenye video." Nikamwambia bosi, mia nne zinapatikana, ila kwa jua la huku utazifurahia siku mbili tatu alafu nakuja kukuvuta na kamba pale Mikindani. Tukae kwanza tupange hela inaanzia wapi.

Wengi wanaanza na turbo kubwa na ekzosi. Mi kwa rota inayoishi pwani nasema hela ya kwanza iende kwenye kupoza na oili, inayofuata kwenye petroli, alafu miguu ya gari, yaani bushi, shokapu na tairi, turbo ipate kitakachobaki. Na si uoga huo, ni namna injini yenyewe ilivyo.

Ndani hamna pistoni, hamna valvu, hamna kemshafti. Kuna rota mbili za pembe tatu, kila moja inazunguka ndani ya chumba chake chenye umbo la namba nane iliyonenepa, cc 654 mara mbili ndo ile 1308 unayoiona. Rota ikizunguka mara moja shafti inazunguka mara tatu. Kwenye kila ncha ya rota kuna kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2 tu, kinaitwa epeksi sili, ndo kinaziba kompresheni, yaani ule mgandamizo wa hewa chumbani, kikivunjika safari imeisha, na vipande vyake vikitoka vinapitia kwenye turbo navyo vinaondoka na feni lake. Sasa kwa kuwa hamna valvu, moshi unatoka tunduni ungali wa moto mkali, kwaiyo ekzosi na kila kilicho karibu nayo kinachomeka. Na bloku yenyewe si kipande kimoja, ni matabaka yaliyopangwa kama chapati, nyumba za rota ni aluminiamu, sahani za pembeni ni chuma, yamekazwa na bolti ndefu kutoka mbele hadi nyuma, katikati kuna pete za mpira za kuzuia maji. Aluminiamu ikipata moto inatanuka kuliko chuma. Ukichemsha gari vizuri mara moja tu zile pete zinakufa, maji yanaingia chumbani, asubuhi unawasha unaona moshi mweupe na rejeta inatoa mapovu. Gari ya pistoni ukiichemsha unaweza ukabahatika ukabadili gasketi ya silinda hedi ukaendelea na maisha, hapa injini inashuka yote.

Ndo maana kabla ya kununua hata bolti moja nilipima kompresheni. Hapa mafundi wengi wanajidanganya, kipimo cha kawaida cha gari za pistoni ukikifunga kwenye rota kinakuonyesha ule upande wenye nguvu kuliko zote, na rota ina pande tatu, kwaiyo mbili zinaweza kuwa zimekufa na geji inakwambia uko salama. Unachofanya unatoa kile kivalvu kidogo cha ndani ya kipimo ili mshale usibaki juu, unafunga kwenye tundu la plagi la chini, unachomoa fyuzi ya mafuta, unakanyaga pedali ya mafuta hadi chini, kijana anapiga stata we unasikiliza na kuangalia mshale unavyoruka. Puf, puf, puf. Zinatakiwa zilingane, hiyo ndo afya. Ukisikia puf, puf, alafu pengo, kuna sili imeondoka. Kitabu cha kiwanda kinataka kila upande usishuke chini ya psi 85 (psi ni kipimo cha presha) stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika, na tofauti kati ya pande isizidi psi 21. Ya huyu bosi ziliruka sawa rota zote mbili, nikamwambia una bahati, usiichezee.

Kwenye kupoza, cha kwanza nilichokikuta ni kwamba ile plastiki ya chini ya bampa ilishatolewa, nadhani iligonga matuta ikavunjika mtu akaitupa. Watu wanaiona pambo. Bila hiyo plastiki upepo unapita chini ya rejeta badala ya kupita katikati yake, na FC inachemsha kwenye spidi, yaani mjini iko vizuri ukifika barabara ya Lindi mshale unapanda, mtu anabadili thermostati tatu na tatizo lipo palepale. Tukakata bati la aluminiamu tukatengeneza nyingine. Rejeta ya zamani yenye vichwa vya plastiki tukaweka ya aluminiamu nene, feni ya klachi ya kiwandani tukaiacha maana inavuta kuliko feni nyingi za umeme za bei rahisi. Maji ya kisima marufuku, visima vingi huku vina chumvi na ile aluminiamu inaliwa kimya kimya, weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji ya betri yale yaliyosafishwa.

Alafu oili kula, yaani rejeta ya kupozea oili. Watu wanasahau kwamba rota inapozwa na oili kwa ndani, sehemu kubwa ya joto lake inaondoka na oili, na FC ina oili kula yake kubwa imelala chini ya rejeta, pale pale inapokula vumbi na majani. Ya huyu ilikuwa imeziba matope nusu nzima. Kuisafisha ni bure na sijui modifikesheni gani nyingine ya bure inayoongeza maisha ya injini kiasi hicho. Geji ya joto la maji na ya joto la oili nikafunga mpya kwenye dashibodi, za zamani siziamini, zikikwambia umechelewa.

Kitu kingine, rota inakunywa oili kwa makusudi, kuna pampu ndogo inayodondoshea oili ndani ili zile sili zisikwaruze. Usipoona oili inapungua ndo uanze kuwa na wasiwasi. Pampu za miaka hii yote sizitegemei peke yake, kwaiyo tunachanganya oili ya tustroku kwenye tenki, mililita 5 hadi 8 kwa kila lita ya petroli, na hapo sisi wa Mtwara tuna raha, oili ya mashine za boti iko kila duka linalouzia wavuvi. Bosi alishtuka aliponiona natoka nayo dukani. "Fundi, hiyo si ya ngalawa?" Ya boti ya mashine bosi, ngalawa inaenda na tanga.

Sasa petroli na turbo. Hii ni sehemu inayoua FC nyingi kuliko zote kwaiyo soma taratibu. Ukitoa ekzosi ya kiwandani ukaweka paipu nene ya wazi, moshi unatoka kwa urahisi, turbo inazunguka zaidi, na kile kimlango cha kupunguza presha ndani ya turbo ni kidogo, kinazidiwa. Matokeo yake presha inapanda yenyewe kadri mizunguko inavyopanda, hujagusa kitu. Kompyuta ya kiwandani ikiona presha imepita kiwango inakata petroli, gari inapiga kichwa, ni kujilinda huko. Mtu anaudhika, ananunua kile kidude cha kuidanganya kompyuta isikate, anakanyaga, presha ipo petroli haitoshi, injini inanoki, yaani mafuta yanalipuka kabla ya wakati, epeksi sili kwaheri, kitu cha sekunde moja tu. Kwahiyo sisi tulitoa turbo tukalipanua lile tundu la kimlango kwanza, ndo ekzosi ikafuata. Nozeli ni nne za cc 550, tukazisafisha na kuzipima mtiririko, pampu ya mafuta ikawekwa kubwa zaidi, na ile pulsesheni dampa, kidude cha kutuliza mishtuko ya petroli kwenye reli ya mafuta, tukaitupa, zikizeeka zinavujisha petroli juu ya injini ya moto na gari kadhaa duniani zimeungua hivyo. Intakula, yaani rejeta ya kupozea hewa inayotoka kwenye turbo, kwa FC imekaa juu ya injini, yaani inapoza hewa kwa kuikalisha jikoni, tukaihamishia mbele. Plagi zote nne tumeweka namba 9 za NGK, za baridi. Kompyuta ya kuprogramu pamoja na sensa ya moshi, na presha ikiwepo nataka hewa 11 kwa petroli 1, mbichi kidogo, petroli ya ziada nayo inapoza.

Kwa mpangilio huu farasi 250 na kitu zinafikika na turbo ileile. Mia nne ni turbo nyingine, nozeli nyingine, klachi nyingine, na kupanua matundu ya hewa kwenye zile sahani. Brap brap anayoitaka inatokana na brijipoti, unachonga tundu la pili na kuacha daraja jembamba la chuma katikati, sailensa inaongea kweli lakini injini haitulii kwenye mizunguko ya chini, inakula mafuta na foleni ya sokoni itakutoa machozi. Kwa gari ya kutembelea stritipoti, yaani kupanua kiasi matundu yaliyopo bila kuchonga la pili, inatosha, na hiyo ni siku injini ikishuka kwa sababu zake.

Miguu ndo iliyomfanya bosi acheke. FC ina uzito karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma kwa sababu injini ni ndogo na imerudi nyuma, ila bushi za miaka thelathini na kitu zilikuwa unga. Nyuma kuna bushi maalum za DTSS, kazi yake ni kuipindisha tairi kidogo ukikata kona, zikichoka nyuma ya gari inajiendea, tukaziondoa tukaweka ngumu. Shokapu mpya, gari imeshuka kidogo tu, kwanza matuta, pili FC ukiishusha sana tairi za nyuma zinalala ndani na zinaisha upande mmoja mpaka uweke linki ya kurekebisha. Tairi 205/55 R16 nzuri, mafuta ya breki mapya, wili alaimenti. Kwenye kona za kuzunguka ghuba ya Mikindani sasa inakata bila kuyumba, japo malori ya simenti yapo na vijijini ni 50, sijasema mtu akashindane.

La mwisho maana najua kuna mtakaoagiza: rota usiiwashe kuisogeza kivulini alafu ukaizima hapohapo. Inajaa petroli, inasafisha oili kwenye sili, kompresheni inapotea na haiwaki tena. Ikikutokea chomoa fyuzi ya mafuta, kanyaga pedali hadi chini, piga stata vipande vifupi mpaka ianze kukohoa, rudisha fyuzi. Na ukiwasha iache ipate moto kabisa ndo uzime, au waite vijana waisukume.