Urea haioteshi mbegu za ukoka

Kila masika yakikaribia, wateja wangu hapa Arusha huanza kupiga simu, na nyingi ya simu hizo zina swali moja: "Mtaalamu, jana nimemwaga mbegu za bermuda, niweke urea kiasi gani ziote haraka?" Bermuda ni aina ya ukoka wa uwanjani, na urea ni mbolea ya nitrojeni. Wengine hawaulizi. Wanapiga wiki tatu baadaye, uwanja umejaa mabaka matupu, na lawama zote anabebeshwa muuza mbegu.

Urea haioteshi mbegu, wala hakuna mbolea inayootesha mbegu. Mbegu huja na akiba yake ya chakula. Kinachoiamsha ni maji, joto, hewa na kushikana vizuri na udongo. Bermuda ikipata hayo huchomoza kati ya siku 7 na 21, rutuba iwepo au isiwepo. Mbolea inahitajika pale akiba inapokwisha na mzizi mchanga unapoanza kujitafutia.

Na mzizi huo unahitaji kwanza kirutubisho kiitwacho fosforasi. Fosforasi haitembei udongoni, hukaa palepale ilipowekwa na mzizi ndio unaoifuata. Mzizi wa siku kumi hauwezi kufika mbali. Isitoshe, udongo mwekundu wenye asidi una chuma na alumini zinazoikamata fosforasi isichukulike na mmea. Nyumba mpya ndizo zinazonisumbua zaidi: mafundi wamechimba msingi, udongo wa chini umetandazwa juu, na ule mweusi wenye rutuba umefukiwa.

Ndiyo maana mbolea ya kupandia ina fosforasi nyingi. Namba tatu za mfukoni hutaja, kwa mpangilio, nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Mbolea ya kupandia iitwayo DAP ni 18-46-0. Urea ni 46-0-0. Watu wanaiona 46 kwenye mifuko yote miwili wanadhani ni mamoja, bila kuangalia imekaa nafasi ya ngapi. Urea haina fosforasi hata chembe.

Tena inaharibu. Kwenye udongo wenye unyevu huvunjika ndani ya siku chache na kutoa amonia, na amonia ikikusanyika karibu na mbegu inaua kichipukizi kabla hakijaonekana. Ile iliyobaki juu ya udongo, sehemu yake hupotea hewani. Inayosalia inanufaisha zaidi gugu la ndago, maana ndago tayari ina mizizi na ukoka bado. Halafu mtu ananiambia aliuziwa mbegu zenye magugu!

Fanya hivi. Lima, vunja mabonge, sawazisha. Nyunyiza DAP gramu 10 kwa mita moja ya mraba, yaani visoda viwili. Uwanja wa mita za mraba 100 unakula kilo moja tu. Changanya kwa reki kwenye sentimita 5 hadi 10 za juu, mwagilia, subiri siku chache. Kisha mwaga mbegu gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba, ukizichanganya na mchanga mkavu zisambae sawa, na upitishe reki kidogo sana. Mbegu ya bermuda ikifukiwa zaidi ya nusu sentimita unaipoteza. Penye mabaki ya saruji au chokaa usitumie DAP, kwa sababu kwenye udongo wa namna hiyo nayo hutoa amonia nyingi. Weka NPK 17-17-17, mbolea yenye virutubisho vyote vitatu, kilo mbili na nusu kwa mita za mraba 100.

Urea isubiri. Ukoka ukishakatwa mara mbili, kisoda kimoja kwa mita ya mraba kinatosha, na umwagilie papo hapo. Mimi napenda CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, zaidi kwa kazi hiyo ya kukuzia, haipotei hewani kirahisi.

Sasa maneno ninayoyasikia kila mara. "Samadi inatosha." Iliyooza vizuri naipenda sana, inalainisha udongo na kutunza unyevu, ila fosforasi yake hutoka taratibu. Mbichi usiiweke kabisa: ina mbegu za magugu, na amonia ileile.

"Ukizidisha, nyasi zinapendeza zaidi." Konzi moja ni zaidi ya visoda vitano. Mbolea ni chumvi, nayo huvuta maji kutoka kwenye mche.

"Mwaga juu, mvua itaizamisha." Mvua ya masika itaipeleka mtaroni, na kutoka mtaroni iende kulisha mwani mtoni na ziwani.

"Kila uwanja unahitaji DAP." Hapana. Palipokuwa na bustani ya mboga iliyowekwa mbolea ya kuku miaka mingi, fosforasi inaweza kuwa tele. Pima udongo, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wanapima.

Na wale wa pwani wanaopanda pingili za nyasi za Pemba badala ya mbegu, msijione hamhusiki. Pingili nayo inaanza mizizi upya, kwa hiyo fosforasi itangulie ardhini kabla yake.