Kwa nini Billie Eilish husikika kana kwamba ananong'ona sikioni mwako?

Albamu ya kwanza ya mwimbaji wa Marekani Billie Eilish, iitwayo When We All Fall Asleep, Where Do We Go?, ilitoka tarehe 29 Machi 2019, naye akiwa na umri wa miaka 17. Anayeisikiliza kwa spika za masikioni huhisi kwamba binti huyu amekaa kando yake akimnong'oneza. Wapo waliosema kwamba huimba hivyo kwa sababu hana sauti. Mimi naona hawakumtendea haki.

Billie aliingia katika kwaya ya watoto ya Los Angeles akiwa na miaka 8, na kwaya humfundisha mtoto kuitawala pumzi yake. Kuimba chini chini bila kutoka kwenye ufunguo wa wimbo ni kazi ngumu, kwa kuwa sauti yenye pumzi kidogo huyumba upesi kuliko ile inayotolewa kwa kifua kizima.

Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa katika chumba kidogo cha kulala cha kaka yake, Finneas O'Connell, nyumbani kwa wazazi wao, naye Finneas ndiye mtayarishaji. Mdomo unapokuwa karibu kabisa na maikrofoni, sauti hunenepa upande wa chini. Kisha mtayarishaji huibana, yaani huinua vilivyo hafifu na kushusha vilivyo vikali, hata pumzi inayovutwa na ulimi unaogusa meno vikasikika waziwazi. Katika maisha ya kawaida, sauti ndogo kama hizo husikiwa na mtu aliye umbali wa shubiri moja tu, ndiyo maana ubongo huamua kuwa mwimbaji yuko papo hapo. Njia hii si ngeni: maikrofoni za umeme zilipoenea katika miaka ya 1920, waimbaji kama Bing Crosby hawakulazimika tena kupaza sauti ili kuishinda bendi.

Kilicho kipya ni kile kilichowekwa chini ya mnong'ono huo. Ingawa alikua akisikiliza Beatles na Avril Lavigne, Billie amemtaja mara nyingi Tyler, the Creator, msanii wa muziki wa kufokafoka, na athari hiyo inasikika katika besi, yaani sauti nzito za chini. Katika wimbo "bad guy", besi nzito na midundo michache hushika sakafu, huku nafasi ya katikati, ambayo kwa kawaida hujazwa magitaa na vinanda, ikiachwa karibu tupu, na humo ndimo sauti ndogo hupata pa kukaa bila kugombana na chochote. Wimbo huohuo una mlio wa taa za kuvukia barabara za Sydney, na "bury a friend" una mashine ya daktari wa meno, vyote vikiwa vimenaswa katika maisha yao ya kila siku.

Kazi hii iliwapa ndugu hao tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, Januari 2020. Lakini anayetaka kuuelewa ufundi wao asikilize wimbo "xanny" wa albamu hiyo: beti huimbwa kwa upole, kisha kwenye kiitikio besi inachafuka na kuitikisa sauti, mfano wa moshi wa sigara unaopuliziwa usoni na mtu mwingine, mpaka unapotawanyika na mnong'ono ukarudi sikioni.