Dashibodi haikupasuka kwa kukosa mafuta

Juzi nimeletewa dashibodi nyingine ya Datsun 240Z, lile gari la michezo la zamani la Kijapani, imepasuka juu ya zile geji tatu za katikati. Mwenyewe akaniambia kwa uhakika kabisa: "Fundi, imekauka tu. Ilikosa mafuta." Akanionyesha na chupa ya king'arishi alichokuwa akiipaka kila wiki kwa miaka miwili. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara yanaharibu kitu ambacho kingeweza kuokolewa.

Dashibodi hiyo ni tabaka tatu: fremu ya chuma, sponji ya poliurethani, na ngozi ya vinili juu yake. Vinili kwa asili ni ngumu. Bomba la maji la PVC ni jamaa yake wa karibu. Kinachoifanya ilegee ni kilainishi kilichochanganywa kiwandani, mara nyingi theluthi ya uzito wake au zaidi. Kilainishi hicho hakikufungamana na plastiki, kimejipenyeza tu katikati yake. Gari likiegeshwa juani na joto la dashibodi likapita nyuzi 70, kinatoka kidogo kidogo. Ule ukungu wenye mafuta unaoufuta ndani ya kioo cha mbele mara nyingi ndio huo.

Ngozi ikipoteza kilainishi inakuwa ngumu, na pia inasinyaa. Hapo kwenye kusinyaa ndipo watu hawanisikilizi. Ngozi imeshikamana na sponji, na pembezoni imefungwa kwenye chuma, nacho chuma hakisinyai. Basi inajikaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa ikaachwa juani, hadi inaachia mahali dhaifu: kona ya tundu la hewa, au ukingo wa kofia ya geji. Ndiyo maana ufa unaachama na kingo zake zinajikunja juu kama midomo. Ukikuta mwanya wa milimita 6, ujue ngozi imevutwa kwenda pembeni kwa milimita hizo. Hakuna cha kupaka juu kitakachoirudisha. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, bodi yake ikavumilia mashimo na matope yote yale, lakini ngozi hii inashindwa na kuegeshwa tu.

Ving'arishi vingi vya namna ile vina silikoni. Silikoni haiingii ndani ya vinili kuchukua nafasi ya kilainishi. Inakaa juu, inang'aa, halafu inateremka kwenye ufa na kulowanisha sponji. Siku ya kupaka rangi, rangi inakimbia na kuacha vijishimo vya mviringo kila mahali. Kwa hiyo ninasafisha kwa kiondoa nta na grisi mara tatu, nne, kila mara kwa kitambaa kipya, na KABLA ya kugusa msasa. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo, na hapo umejifungia mlango mwenyewe.

Kosa la pili ni filla ya bodi. Nimewahi kupokea dashibodi iliyojazwa filla ile ya kuzibia mabonde ya mlango, ikapigwa msasa vizuri, ikapakwa rangi nyeusi. Kwa mbali ungeisifu. Nilipoinama na taa nikaona nyuzi mbili nyembamba, moja kila upande wa ufa wa zamani, zimeufuata mwendo wake wote. Nikaingiza ncha ya kisu, filla ikanyanyuka nzima kama kigaga cha kidonda. Filla ile ni ngumu, haipindi. Ngozi na sponji vinatanuka mchana na kusinyaa usiku, yenyewe imesimama tu, na mvutano wote unaishia ukingoni. Umeondoa ufa mmoja ukapata miwili.

Ninavyofanya mimi: dashibodi inatoka garini kwanza. Piga picha, weka alama kwenye kila waya, usivute kebo ya spidomita kwa nguvu. Halafu ninakata ngozi yote iliyoinuka, hata ikinilazimu kuupanua ufa hadi upana wa kidole, mpaka nifike mahali ambapo bado imeshikamana na sponji. Wenye magari huumia sana wakiona hivyo, ila ngozi iliyoinuka ukiilaza kwa gundi itainuka tena. Sponji iliyogeuka kahawia na kutoa unga ninaikwangua hadi nifikie ile inayorudi ukiibonyeza. Tundu ninalijaza kwa poliurethani ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha), ile inayobaki na mnyumbuko, tabaka jembamba juu ya jingine. Kwanza ninaijaribu kwenye kipande cha plastiki: ikishakauka, ukucha uache alama na kipande kikipinda kisivunjike. Msasa namba 80, 180, 320, na mwisho ninafumba macho na kupitisha kiganja. Kiganja kinagundua kituta ambacho jicho limekipita.

Vinyweleo vya ngozi, yaani ule mkwaruzo mdogo mdogo wa juu ya vinili, ndivyo vinavyoninyima usingizi. Huwa ninachukua alama yake kwa mpira wa silikoni kutoka upande mzima wa dashibodi na kuibonyeza kwenye kiraka kabla hakijakaza. Kwenye mwanga wa juu inapita. Jua la jioni likiingia kwa ubavu, mimi bado ninaona kilipo kiraka. Rangi iwe ya vinili, isiyong'aa, isije ikaakisi kwenye kioo, tena ipigwe nyepesi nyepesi.

Kuhusu kutoboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee: mimi natoboa, lakini sijaridhika kwamba ndilo linalousimamisha. Ngozi ile ya zamani bado inasinyaa. Nimewahi kutengeneza kofia ya geji vizuri kabisa, na mwaka uliofuata ufa ukatokea karibu na tundu la hewa, mahali ambapo sikupagusa. Tiba ya kudumu ni kuvua kila kitu na kuvisha vinili mpya, ikipashwa moto na kufyonzwa kwa pampu ya hewa hadi ikae kwenye umbo, ila hapo unapoteza ngozi ya asili. Kile kifuniko cha plastiki cha kubandika juu sikishauri: kingo zake zinaonekana kwenye kila geji, na gundi yake inaimaliza dashibodi iliyo chini.

Ya juzi iko mezani. Nimeshaisafisha mara nne, na kitambaa bado kinateleza.