Bakteria wanaokula oili: kusafisha udongo kwa vijidudu

Ingia gereji yoyote ya jua kali hapa Kisumu, utazame pale fundi anapomwagia oili chafu. Udongo umegeuka mweusi na kushikana kama lami; hata nyasi haioti. Mvua ikinyesha, utando unaong'aa rangi rangi huteremka mtaroni, na mitaro yetu mingi huishia ziwani.

Udongo huo unaweza kuchimbwa, ukapakiwa kwenye lori na kupelekwa kwingine. Gharama yake ni kubwa, na uchafu umehama tu. Bayoremediesheni ni kuwaachia vijidudu kazi hiyo papo hapo. Ardhini mna bakteria, kama Pseudomonas, ambao oili kwao ni chakula. Huivunjavunja wapate nguvu, na sehemu kubwa huishia kuwa maji na kaboni dioksaidi.

Mara nyingi hakuna haja ya kununua bakteria, kwani wapo tayari. Kinachowakwamisha ni lishe: oili ina kaboni tele, ila naitrojeni na fosforasi ni haba. Ndiyo maana huko Alaska, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea. Tatizo lingine ni hewa. Udongo mweusi wa Kano, ule unaong'ang'ania buti wakati wa masika, haupitishi hewa vizuri. Uchanganye na makapi ya miwa au ya mpunga wa Ahero, utalegea. Kisha unautandaza, unatia mbolea, unaulowesha bila kuufurisha, na unaupindua kwa jembe kila baada ya siku kadhaa. Joto letu nalo huwachangamsha bakteria.

Lakini utajuaje kama wanafanya kazi? Hapa ndipo pesa huokolewa. Maabara hupima udongo kwa PCR, mbinu ile ile tuliyoisikia sana wakati wa korona, na kuhesabu jeni zinazowawezesha bakteria kuvunja mafuta. Zikiwa nyingi na oili inapungua, waache bakteria waendelee. Zikiwa chache, ongeza mbolea au hewa kabla ya kufikiria kukodi tingatinga.

Risasi ya betri kuukuu ni jambo jingine kabisa. Ni metali, na hakuna bakteria wa kuimaliza. Hapo bado koleo litahitajika.

Hata kwa oili, kazi huchukua miezi. Nimeona sukuma wiki ikipandwa kando ya gereji, na inaniuma. Tafadhali, pasipandwe chochote cha kuliwa mpaka vipimo viseme pako safi.